Nilivyowasha maji ya kinu cha zamani na mwenzangu akiwa chini ya gurudumu, hapa Doha

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi. Wenye roho nyepesi mnisamehe.

Nilikuwa security kwenye bustani moja ya wageni. Jina naliacha.

Kivutio chake ni kinu cha zamani cha kusaga ngano kwa nguvu ya maji. Walikileta kutoka nje vipande vipande, wakakijenga upya chini ya maporomoko ya kutengeneza. Pampu inapandisha maji, yanaangukia gurudumu kubwa la mbao, gurudumu linazungusha mawe. Wageni wanaondoka na unga kidogo kwenye vifuko. Kinapendeza, sikatai.

Fundi wake alikuwa Mutiso, Mkenya wa Machakos. Tulilala chumba kimoja kwenye kambi ya wafanyakazi, Industrial Area. Mtu wa utani sana, mimi akiniita Bongo.

Asubuhi moja gurudumu likakwama. Mutiso akazima pampu.

"Bongo, simama hapo kwa switch. Mtu asiguse mpaka nitoke."

Akaingia chini kutoa mifuko ya plastiki iliyonasa.

Mara supervisor huyo, mbio. Basi la wageni liko getini.

"Washa maji, yalla!"

"Boss, Mutiso yuko chini."

"Ameshatoka, nimemuona. Washa!"

Niliita mara moja tu. Mutiso! Kimya.

Nikawasha.

Wakuu, ningeweza kushuka ngazi sita nikachungulia. Sikushuka. Niliogopa kufokewa mbele ya wageni. Ni hicho tu.

Gurudumu lilienda nusu mzunguko likasimama. Ndipo nikasikia sauti yake. Sitaielezea. Alifariki kabla ambulance haijafika, na huku juu watu walikuwa wanajipiga selfie na maporomoko.

Jioni nikaletewa karatasi ya Kiarabu kutoka ofisini. "Ya kawaida tu, sign." Nikasaini, ila nikaipiga picha. Rafiki yangu Mzanzibari akanisomea. Imeandikwa marehemu aliingia bila ruhusa wala kuzima pampu.

Siku ya tatu mke wake akapiga kutoka Kenya.

"Shem, wanasema ni makosa yake mwenyewe. Wewe ulikuwa hapo. Ni ukweli?"



"Hapana shemeji. Alizima. Mimi ndiye niliyewasha."

 Akasema, "Asante kuniambia. Usinipigie tena."

Kesho yake nikaenda polisi na yule Mzanzibari, nikaeleza yote. Supervisor naye kaitwa, anakana. Kazi sina, kusafiri siruhusiwi, nasubiri kesi, najibanza kwa jamaa mtaa wa Al Mansoura. Kinu kimeshafunguliwa tena.

Nilichojifunza: usiwashe mashine kwa kuambiwa mtu ametoka, mwone kwa macho yako. Na karatasi usiyoweza kuisoma, usiisaini hata wakikununia.

Mliowahi kupita kwenye kesi za hivi huku, nipeni mawazo. Wenye matusi nao waandike, nitayasoma.