Alipiga eksi nyumba za watu, sasa anachora nyuso zao

Saa tisa alasiri mlango uko wazi ili mwanga uingie. Mwanamke wa miaka sabini na ushee ameketi kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani. Mbele yake mwanamume wa makamo anachora. Gauni limekamilika, mikono nayo imekamilika, hadi kovu la pasi kwenye kidole gumba. Uso haupo.

"Nitazame basi," mwanamke anasema. "Kila siku unachora gauni. Gauni lina nini?"

Mtaani mchoraji huyu anaitwa Eksi, na jina hilo halikudondoka mawinguni. Kwa miaka kumi na tisa aliajiriwa na manispaa kupaka eksi nyekundu kwenye nyumba zilizotakiwa kubomolewa kupisha barabara.

Kabla ya hapo alisomea uchoraji wa watu. Chuoni walimsifu, mtaani hakuna aliyenunua. Mkewe alipopata ujauzito alikwenda kuomba kazi, na swali pekee aliloulizwa ni kama anaweza kupiga mstari ulionyooka.

"Nilijiambia ni ya muda tu," anasema, akifuta brashi ambayo tayari ni safi. "Halafu nikaizoea. Eksi za wenzangu zilikuwa zinachuruzika ukutani. Zangu hapana, nilikuwa nachanganya rangi nzito. Nikawa naringa. Fikiria, mtu anavunjiwa nyumba, mimi naringia rangi."

Mwanamke aliye kwenye kiti ni mama yake mdogo. Ndiye aliyemlea baada ya mama yake mzazi kufariki, na ada ya chuo aliipata kwa kupiga pasi nguo za watu. Nyumba yake nayo iliangukia kwenye njia ya barabara.

Eksi angeweza kumwomba mwenzake aende badala yake. Angeweza pia kupita siku moja kabla, akae, amweleze. Alikwenda asubuhi na mapema, akiomba Mungu amkute mama amelala.

"Nilitoka na ndoo nikamwage maji, nikamkuta ndio anamaliza," mama mdogo anasimulia. "Nikaiangalia ile eksi. Nikamwambia, mwanangu, hata hii umeipinda."

Anacheka mpaka anajifuta machozi. Mwanawe hacheki. Siku ile, anasema, alibeba kopo lake akaondoka bila hata kumwamkia.

"Nyie waandishi mngependa niseme niliacha kazi," anaongeza. "Sikuacha. Niliendelea miaka sita mingine. Andika hivyo hivyo. Barabara ilipokwisha ndipo kazi ikaisha."

Alipokosa pa kwenda, akairudia rangi. Alipanga chumba hiki, ambacho zamani kilikuwa cha kinyozi, akaanza kuchora watu kutoka kwenye picha za simu: maharusi, wahitimu, marehemu. Mwezi ukiwa mzuri hupata wateja watatu. Wengine humtania asije akawapiga eksi usoni, naye hujichekesha huku ameinamisha kichwa.

Miaka yote hiyo Eksi alimkwepa mama mdogo. Kukiwa na msiba alitafuta upande ambao mama hayupo. Hadi mwezi uliopita, binamu yake alipomletea ujumbe kutoka kwa mama: "Nimesikia unachora watu. Mimi si mtu?"

Tangu hapo mama huja kila alasiri, na kila alasiri kazi hukwama palepale. Mchoraji hawezi kuchora uso asioutazama, na Eksi akiinua macho, hayatulii.

"Naona aibu," anasema. "Sina neno lingine. Mikono yake naijua, ilinilisha. Macho yake ndiyo siyawezi."

Leo amejikaza, akachora paji la uso na jicho moja. Jicho limetoka vizuri, na jasho linamtiririka shingoni.

Hana mpango wa maonyesho wala wa kuuza picha hii. Anataka kumwomba mama radhi, na anataka amwombe akiwa anamtazama. "Nikimaliza jicho la pili nitamwambia," anasema kwa sauti ya chini. "Labda wiki ijayo."

Mama mdogo, ambaye masikio yake hayana tatizo, anavaa viatu mlangoni. Anaulizwa kama atarudi kesho.

"Nitarudi mpaka aseme," anajibu. "Asiposema, basi walau nitakuwa nimepata picha."