Mafuta Niliyomwaga Gereji kwa Baba

Sisi tuliokulia Kiranjeranje kabla simu hazijaingia mpaka jikoni, tuna mengi ya kuwacheka watoto wa leo. Mtoto wa leo umtume chumvi dukani, anakuuliza kwa nini usimpigie bodaboda ailete. Sisi mama alitema mate chini, akasema, "Yasikauke hujarudi," nawe unatoka mbio kweli, hujiulizi mate na chumvi wapi na wapi. Tulikula mihogo ya kuchemsha kwa chai ya rangi. Tulicheza rede mpaka vumbi likajaa masikioni. Shule tulikwenda na ufagio mkono huu na kidumu cha maji mkono huu. Na tulichapwa. Lo, tulichapwa jamani! Nyumbani, shuleni, chuoni kwa ustadhi, hata jirani alikuchapa kwanza ndipo akuulize wewe mtoto wa nani.

Baba yangu alikuwa fundi magari. Watu walimwita Fundi Saidi, na gereji yake ilikuwa uwanja wa nyumba yetu, kando ya barabara ya Lindi. Hakuwa mkatili, nisimsingizie. Lakini mlangoni kilining'inia kipande cha mpira wa tairi, na kila mtoto wa nyumba ile alikijua kilivyo kikitua mgongoni. Kosa alilolichukia kuliko yote ni kuharibu kitu cha mteja. "Mali ya mtu ni amana," alikuwa akisema, na akishalisema hilo ujue mpira unashuka.

Nilikuwa darasa la tano, katikati ya kipupwe, lilipoletwa gari la ajabu. Wazungu wawili wazee, mume na mke, walikuwa wakisafiri na nyumba yao ndani ya gari: kitanda, jiko, mpaka choo. Mama Zuhura, jirani yetu, alichungulia akatoka ameshika mdomo. "Wanapika na kunya humohumo? Astaghfirullah!" Tulicheka wiki nzima.

Gari lile lilikuwa na miguu minne ya chuma, kila pembe mmoja. Ni jeki za mafuta, kama jeki za kunyanyulia lori, ila hizi zimefungwa palepale chini ya gari. Wakisimama mahali penye mteremko wanaishusha, gari linakaa sawa, chai haimwagiki. Sasa walikuwa wamekaa ufukweni Kilwa Masoko siku nyingi, chumvi na mchanga vikaingia. Miguu ikawa inashuka vizuri, ila kupanda haitaki.

Baba aliikalia kazi ile siku tatu. Alifuta kutu kwa dizeli na kitambaa laini. Msasa alikataa katakata, maana ukiukwaruza mguu, mafuta yatavuja milele. Akamwaga mafuta machafu yote, akaagiza dumu jipya la mafuta ya jeki kutoka Lindi, likaja na basi. Na muda wote alipokuwa chini ya gari, magogo mawili ya mkorosho yalikuwa yamelishikilia. Kila aliyewahi kufanya kazi na baba alilijua neno lake: "Jeki usiiamini. Weka gogo ndipo uweke kichwa."

Siku ya tatu alasiri baba alikwenda msikitini. Mimi na Zuhura tulikuwa tunacheza rede uwanjani, tulipokatazwa kucheza. Nilirudi kinyumenyume kukwepa mpira, nikalipiga teke lile dumu jipya la bluu. Lilikuwa wazi. Mpaka nalisimamisha, zaidi ya nusu ilikuwa imenywewa na mchanga. Zuhura aliniangalia, akasema, "Leo utauawa," akakimbia kwao.

Mama hakuwepo, alikuwa matangani Kinjumbi. Chini ya kitanda chake kulikuwa na chupa za mafuta ya nazi alizopika mwenyewe za kuuza. Mtajua mafuta ya nazi kwetu yalikuwa nini: tulipakwa mwilini, tulipakwa kichwani, yalitiwa kwenye bawaba za mlango na kwenye cherehani. Nikasema, mafuta ni mafuta. Yalikuwa yameganda kwa baridi, kwa hiyo nikayaanika juani kwanza, kama mama alivyokuwa akifanya kila asubuhi ya kipupwe. Yalipoyeyuka nikayamimina dumuni, nikatikisa, nikafukia mchanga uliolowa. Nilijiona hodari, Mungu anisamehe.

Baba aliporudi jua lilikuwa linazama. Alikuwa na mafua, pua imeziba kabisa, hakunusa chochote. Alijaza mafuta, akaipandisha na kuishusha miguu mara kadhaa kutoa upepo, ikaenda bila shida. Akafurahi. Akalinyanyua gari juu, akaondoa magogo, akasema liachwe hivyo mpaka asubuhi, aone kama miguu itashika yenyewe.

Asubuhi kulikuwa na baridi ya kujifunika khanga mbili. Baba alifungua koki miguu ipande, wazungu waondoke. Haikusogea. Akagonga kwa nyundo. Wapi! Imekaa kama imejengewa. Nilikuwa nimesimama na sare ya shule, na mara moja, wallahi mara moja, nikakumbuka zile chupa chini ya kitanda.

Baba alijipangusa mikono, akanigeukia. "Mwanahawa, hakuna aliyeligusa dumu langu jana?"

"Hapana, baba."

"Basi ni kutu imebaki ndani."

Akafungua gurudumu moja la nyuma ili aufikie mpira unaopitisha mafuta, koki ameiacha wazi. Mzee wa kizungu akayaonyesha magogo kwa kidole. Baba akacheka. "Mguu huu hata nyundo umeikataa, utakwenda wapi?" Akajilaza, akaingia chini.

Sikwenda shule. Nilibaki nimesimama pale. Jua lilitoka nyuma ya nyumba, likaanza kulipiga gari ubavuni, kwenye vile vyuma. Nilijua jua linafanya nini kwa mafuta ya nazi, kila mtoto wa pwani anajua. Mdomo nilifungua. Nikakiona kipande cha mpira pale mlangoni, nikaufunga. Nikajisemea, akitoka tu nitamwambia. Akitoka.

Hapakuwa na kishindo kikubwa. Gari lilishuka kwa mara moja, likatulia. Kisha baba akaanza kuita mama yake, bibi yetu aliyekufa zamani.

Majirani walilinyanyua gari kwa magogo yaleyale, wakamtoa. Alipona, kama kule ni kupona. Nyonga ilisagika, miguu haikufanya kazi tena. Gereji ilikufa. Aliishi miaka tisa akiwa wa kubebwa, kuoshwa na kugeuzwa kitandani, na mimi ndiye niliyemwosha zaidi. Watu wakija kumwona walitoka wakinong'ona, "Fundi mzima, hakuweka gogo!" Naye alikubali. Alituambia, "Nilivunja sheria yangu mwenyewe, sina wa kumlaumu." Kila alipolisema hilo nilikuwa na nafasi. Miaka tisa ya nafasi! Alikufa akijilaumu, nami nikapika chai ya matanga.

Mwezi uliopita binti yangu, ana miaka kumi na moja, alikuja jikoni akasimama mbele yangu. "Mama, nimeimwagia maji simu yako. Ni mimi, nilikuwa nachezea." Ananitazama machoni, wala hatetemeki. Dada yangu alikuwepo, akasonya. "Watoto wa siku hizi hawana hata hofu. Sisi ungethubutu? Tulikuwa na adabu sisi."

Simu ilikufa. Nilimwambia mtoto asante kwa kuniambia, akaenda zake kucheza, na dada akanishangaa kwamba nalilia simu. Ni kweli tulikuwa na adabu. Nilisimama hatua tatu kutoka kwa baba yangu, na adabu zangu zote, mikono nyuma, kimya, nikimwangalia anavyoingia chini ya gari.