Kikombe cha Kando ya Nguzo

Salmini Bakhrashi alitoka Hadhramaut na kanzu moja mwilini na akili ya kujua nani wa kuamkiwa kwanza. Huko Jeddah akapata kazi kwa akina Barwadhani, wakandarasi wanaowajengea watawala makasri, akakabidhiwa dele la kahawa. Wapo waliomcheka. Hawakujua kwamba mshika dele husikia bei kabla ya mhandisi. Ruhusa yake ya kuishi nchini ilisimama kwa jina la nyumba hiyo. Wakianguka wao, naye hurudishwa kwenye bonde la kwao lisilojua mvua.

Akiingia barazani huanzia kulia, dele mkono wa kushoto, vikombe mkono wa kulia. Kando ya nguzo ndipo alipokaa Awadhi, kitindamimba wa nyumba, tangu aliporuhusiwa kukaa na wanaume. Kijana huyo alikuwa na kasoro moja: akitosheka hakitikisi kikombe kama watu, bali hukilaza ubavu zuliani. Baba yake, mzee wa nyumba, alimkemea hadi siku alipofariki mwenyewe.

Kisha Awadhi akawafuata wenye bunduki milimani, ng'ambo ya bahari. Sauti yake ikarudi kwenye kanda, ikiwaita watawala wasaliti wa dini. Nyumba ikamkata. Picha zake zikashushwa ukutani, na kaka mkubwa, Shekhe Omari, akawaambia watumishi kwamba atakayelitaja jina lile atalala nje.

Alasiri moja akaja amiri, mmoja wa ukoo wa watawala. Palikuwa na kasri jipya la kujengwa, lakini kila mtu alijua amekuja kupima kama yule kijana amekatwa kweli au kwa mdomo tu. Shekhe Omari akaapa kwamba hawana ndugu huko. Amiri akaashiria kahawa.

Salmini akamimina. Akampa amiri, akampa Shekhe Omari, akashuka kwa ndugu mmoja mmoja, na alipofika kwenye nguzo akajaza kikombe, akainama, akakiweka mbele ya takia tupu. Mazoea yana taabu. Alishtuka alipoona macho ya baraza zima yako kwenye kikombe.

"Kahawa ya nani hiyo?" amiri akauliza.

"Ammi Salmini amezeeka, Mungu akurefushie umri," Shekhe Omari akasema.

"Sikuuliza umri wake. Nimeuliza kikombe."

Salmini akaiona safari ya kurudishwa kwao, akaona na vumbi lake. Mkono ulikwisha kujikwaa. Ulimi usingemudu kujikwaa pia.

"Ya marehemu mzee wetu, bwana wangu," akasema. "Alipenda kuegemea nguzo hiyo. Huu mkono wangu mjinga, haujapata habari za msiba."

Amiri akacheka, na wengine wakacheka kwa kumfuata. Akasema mzee huyo ndiye aliyemjengea mama yake nyumba, basi kikombe kiachwe, mwenyewe anywe.

Wakazungumza mawe na saruji. Hakuna aliyesogea kwenye nguzo. Hata waliokaa jirani walijikunyata upande wa pili, kama watu wanaokwepa upepo wa mlangoni. Amiri alipoondoka, kasri lilikuwa lao kulijenga. Salmini akaenda kukusanya vyombo.

Kikombe kilikuwa kitupu, na bado kina moto. Kilikuwa kimelazwa ubavu.

Alikifunika kwa kiganja kabla Shekhe Omari hajageuka. Mtu aliyetoka kuokoa riziki yake haiuzi tena siku hiyo hiyo.

Lakini uongo ukinunuliwa na mkubwa, huna ruhusa ya kuurudisha. Amiri aliupenda. Kila ajapo huuliza, "Mzee amepewa?" na Salmini humimina mbele ya wote, huku Shekhe Omari akilikodolea macho zulia. Na kila mara hukikuta vile vile.

Mama wa nyumba, mjane wa mzee na mama mzazi wa Awadhi, humngoja nyuma ya pazia la jikoni.

"Kimenyweka?"

"Kimenyweka, Bibi."

"Kimekaaje?"

Salmini hupima. Neno la kweli hapo lingewaburuta wote, yeye wa kwanza.

"Wima, Bibi. Kama cha marehemu mumeo."

Bibi hurudi jikoni. Siku moja tu bibi yule alijibu, taratibu, kama anayeagiza chumvi.

"Muongo wee. Kesho mzidishie tangawizi. Huko milimani kuna baridi."