Maneno ya Kishindo kwa Baba Yake

Watu wa mtaa ule hawakwenda banda la video kutazama picha tu. Picha siku hizi unaiona hata kwenye simu ukiwa umelala. Walikwenda kumsikiliza Kinanda. Sinema zenyewe zilikuwa za kigeni, zinasemwa kwa lugha ambayo wengi waliiacha darasani na haikuwafuata nyumbani. Basi Kinanda alikaa kwenye kigoda kando ya skrini, kipaza sauti mkononi, sauti ya sinema ikashushwa, naye akasema kila kitu. Akawa polisi, akawa mwizi, akawa bibi harusi, na ikibidi akawa mbwa. Jina la Kinanda alipewa kwa sababu hiyo, kwamba koo lake lilikuwa na sauti nyingi, unabonyeza tu.

Lugha ile aliipata melini. Ujanani alikuwa mtu wa kupaka mafuta katika chumba cha injini, kwenye meli ya mizigo, na wenzake walikuwa watu wa kila rangi, wanaelewana kwa lugha hiyo moja iliyovunjikavunjika. Injini ilimpa lugha, lakini cha bure hakuna. Alipoanza kuota mvi, injini ikaja kudai masikio. Kwanza zikapotea sauti za ndege, na nani anawajali ndege. Halafu mlango ukibishwa hasikii. Halafu zikaenda sauti za wanawake kwenye sinema, kisha za watoto, na mwisho akabaki na mngurumo tu, kama mtu anayezungumza ndani ya pipa.

Aliyejua ni mkewe peke yake. Alijifunza kumgusa bega kabla ya kusema, na kumsemesha uso kwa uso, polepole, bila kupaza sauti, maana ukipiga kelele unapindisha midomo tu. Midomo ya watu aliowazoea Kinanda aliisoma vizuri. Mtaani wakadhani mzee amezidi heshima: ukimsemesha anakutazama usoni mpaka umalize. "Kinanda ana adabu ya kusikiliza," walisema, na wazazi wakamfanya mfano kwa watoto wao. Ndiyo dunia hiyo. Pengo la mtu laweza kupewa jina la fadhila, naye akalipokea akanyamaza.

Na sinema je? Midomo ya wageni ilimshinda, na waigizaji nao wana tabia ya kugeuza mgongo pale pale penye neno la maana. Kwa hiyo alikisia. Kila mara, alasiri ya kabla ya onyesho, aliitazama sinema peke yake katika chumba cha nyuma, akaona nani anamkunjia nani uso, nani ana bastola, nani analia, kisha akashona maneno ya kuenea hapo. Sinema za mapigano hazikuwa na taabu, ngumi ni ngumi kwa kila lugha. Za mapenzi ndizo zilizomtoa jasho.

"Mume wangu," mkewe alimwambia, "iko siku utamwozesha mtu dada yake."

Alicheka. Alisema watu hawali ukweli, wanakula utamu.

Ndipo ikaja sinema ya pili ya Kishindo. Kishindo ni yule shujaa anayepasua ardhi kwa kukanyaga mguu. Jina lake la kigeni lilikuwa refu kama treni, Kinanda ndiye aliyembatiza hilo, na mtaa mzima ukalipokea. Ya kwanza waliipenda, ya pili wakaisubiri kama wanavyosubiri mvua. Bi Kiingilio, mwenye banda, ambaye hata shemeji yake hakuwahi kuingia bila tiketi, aliazima mabenchi ya msiba ili watu watoshe. Na mwisho wa sinema ile ulikuwa hivi: mji unazama, baba yake Kishindo, ambaye ndiye adui mwenyewe, ananing'inia kwenye daraja, na Kishindo amemshika mkono. Wanazungumza sana. Kisha mikono inaachana, baba anaingia majini, na Kishindo anageuka anakwenda zake.

Kule chumba cha nyuma Kinanda alilirudia tena na tena daraja lile. Hakuambulia hata neno. Basi siku ya siku, watu wamekaa mpaka juu ya miguu ya wenzao, midomo ile miwili ikaanza kwenda, naye akaitilia maneno. Kishindo akasema, "Baba, ulinizaa hujui kulea, nami nimekua sijui kusamehe. Sasa maji yametufika shingoni sote. Shika mkono, nimeshakusamehe." Na baba, kwa sauti nene, "Nimeushika, mwanangu. Lakini daraja halitubebi wawili." Akaachia mwenyewe.

Kinanda aliyaona mabega yakitikisika kwenye mabenchi. Wanaume wazima, wenye ndevu zao.

Sinema ikasifiwa mtaani wiki nzima, na huko nje ikasagwa. Redioni, magazetini, kwenye simu, wachambuzi wote walikuwa wameikalia kitako. Kinanda habari alizipata kwa kinyozi, kitambaa kikiwa shingoni. Hapo kwa kinyozi alipapenda kuliko mahali pengine, maana kioo kilikuwa kipana na midomo yote ya chumba ilikuwamo.

"Sikilizeni alivyoandika huyu mama wa redio," kinyozi akasema, simu mkono huu, mashine mkono ule. "'Shujaa huyu hana moyo. Anamwachia baba yake azame, anageuka bila hata chozi. Ni kelele tupu. Nyota moja kati ya tano.'"

"Huyo alisinzia," akasema muuza viatu. "Alisinzia akaota sinema nyingine."

"Hawa wanalipwa kwa kununa," akadakia mwingine aliyekuwa akingoja zamu. " Akisifu tu, mshahara unakatwa."

"Mimi lakini niseme," kinyozi akaendelea, "pale katikati palinichosha. Lile dubwana la barafu lilikuja kufanya nini?"

"Lilikuja kutupoza," muuza viatu akamjibu. " Wewe hukuona joto la siku ile?"

"Nasema tu. Mtu akiikosoa sinema hajakutukania mama."

"Katikati sawa, iguse," akasema Spoku. Huyu alikuwa fundi baiskeli, mrefu, mwembamba kama spoku ya gurudumu, walimwita hivyo kabla hata hajajua kukaza gurudumu lenyewe. "Lakini darajani hapana. Kusema Kishindo hana moyo, mtu aliyemwambia baba yake maneno yale? Nimewapigia simu redio. Nimewaambia, nyinyi mmetazama sinema gani? Wakacheka. Wakaniambia njoo Jumamosi asubuhi ukae na huyo mama, tubishane hewani. Na kipande cha daraja watakipiga, na mtu wa kukitafsiri neno kwa neno."

"Eee, wewe umepatikana," muuza viatu akasema.

"Amepatikana yeye. Nataka nimwone atakapouficha uso." Spoku akamtazama Kinanda kwenye kioo. "Au vipi, mzee wangu? Si wewe ndiye shahidi wetu?"

Kinanda alishtuka kidogo kwenye kiti.

"Tulia, mzee," kinyozi akamwinamia, "nitakukata sikio."

Nyumbani hakula. Alimweleza mkewe yote, nusu kwa maneno na nusu kwa mikono, kama wanandoa wa siku nyingi. Mkewe akakaa mbele yake, magoti kwa magoti.

"Umemvisha mtu nguo ya kuazima," akasema, "na sasa anakwenda nayo harusini kwa mwenye nguo."

"Nikisema, kigoda kimekwenda."

"Na usiposema?"

Alitazama ukuta. Mtu atauliza, kigoda ni kitu gani, si mbao tu na miguu mitatu? Lakini mpime mtu kwa pale anapoonekana. Nje ya banda, Kinanda alikuwa mzee mmoja anayeogopa kuvuka barabara kwa sababu hasikii honi. Kwenye kigoda alikuwa watu mia, na hakuna aliyemwona kiziwi, kwa kuwa pale kazi ya kila mtu mwingine ilikuwa kunyamaza na yake kusema. Alijiambia labda alipatia. Labda Kishindo alisamehe kweli, na mama wa redio ndiye aliyesinzia. Mtu akizama hushika hata nyasi.

Ijumaa, baada ya kuzunguka soko mara mbili bila kununua kitu, akaenda kwenye karakana ya fundi. Spoku alikuwa amelitundika gurudumu kwenye uma wa baiskeli, analizungusha na kulisikiliza, anakaza hapa, analegeza pale.

"Shikamoo, mzee wangu. Umekuja kunipa maneno ya kesho?"

"Marahaba. Kesho usiende."

Spoku akacheka, akadhani ni utani. Kinanda akamwambia asicheke. Akasema kwamba maneno ya darajani si ya Kishindo, ni ya kwake mwenyewe, na kwamba hakuna alichokisikia katika sinema ile, wala katika nyingine nyingi kabla yake. Masikio yamekwisha, yalibaki kwenye injini.

"Mbona mimi unanisikia?"

"Nakuona."

Spoku alimtazama sana. Kisha akageuka, akampa mgongo, akakaa hivyo huku kichwa chake kikitikisika kidogo kidogo. Kinanda alingoja. Aliona vidole vya yule kijana vikicheza na bisibisi, akaona gurudumu likizunguka mpaka likasimama lenyewe. Spoku alipogeuka, sura ilikuwa nyingine.

"Nimekuita," akasema. "Nimekuuliza mambo. Mwisho nimekutukana, tusi ambalo hata mlevi angejibu. Hukutingishika."

"Nisamehe, mwanangu."

"Kwa hiyo hakumsamehe."

"Sijui alimwambia nini. Huyo mama anasema alimwachia."

Spoku akakaa juu ya kopo la rangi. Akawa anasema akiwa ameinama, na Kinanda ikabidi apige magoti mbele yake ili auone mdomo.

"Unajua mimi na baba tulikuwa hatusemezani. Alinifukuza kwa jambo ambalo hata halikuwa langu. Usiku wa sinema ile nilimpigia simu, sikulala mpaka nimempigia. Nikamwambia, baba, yamekwisha. Na yeye unajua aliniuliza nini? Aliniuliza kama nimekula." Akaigeuzageuza bisibisi. "Sasa nimwambieje? Kwamba nilikuwa nimedanganywa?"

Kinanda alibaki magotini. Yeye aliyekuwa na jibu la kila mdomo.

"Nenda, mzee," Spoku akasema. "Nina kazi."

Jumamosi Spoku hakwenda redioni. Mtangazaji alimngojea hewani, akamtania, akasema mshabiki wa Kishindo ameingia mitini. Kipande cha daraja hakikupigwa, maana mtu wa kubishana naye hayupo, wakaweka muziki, na yule mama mchambuzi akaaga akicheka. Mtaa mzima ulikuwa umefungulia redio. Mtu wao ameitwa vitani, na vitani hakufika.

Alasiri ile Bi Kiingilio aliirudisha sinema ya Kishindo, kwa maombi ya watu. Kinanda alifika mapema, akakaa kigodani, na kutoka pale akaona midomo yote kama mtu anavyoona uwanja kutoka juu ya mti. Spoku alikuwa benchi la tatu. Muuza viatu, pembeni yake, alikuwa amemgeukia nusu, anamsemesha.

"Tulikuwa tunangoja sauti yako, bwana. Spoku imelegea?"

"Nilikuwa na kazi," Spoku akasema.

"Kazi gani? Umetutia aibu sisi sote. Sasa ndiyo wamejua tunabwabwaja."

"Mwacheni," kinyozi akasema, "labda aliliona lile dubwana la barafu getini kwao."

Wakacheka. Kinanda aliwaona wakicheka, vichwa vinarudi nyuma, benchi kwa benchi. Spoku akaangalia viatu vyake. Neno moja tu lingemtoa pale, na alikuwa nalo, na hakulisema. Hakutazama hata upande wa kigoda, kama mtu anayeogopa kwamba macho yake yatamsaliti mwingine.

Bi Kiingilio alifunga mlango akazima taa, akaja mpaka kwenye mashine kando ya kigoda, mwanga wake ukimpiga usoni. Kinanda akamshika mkono.

"Ngoja kwanza, dada. Na taa uwashe."

"Kaka, watu wameshalipa."

"Washa."

Akawasha, amenuna. Kinanda akasimama, jambo ambalo hawakulizoea. Akasema kwa sauti yake mwenyewe, ambayo wengine pale hawakuwa wameisikia kwenye kipaza sauti hata siku moja, kwamba Spoku hakuogopa mtu. Kwamba yeye ndiye aliyemzuia. Kwamba hasikii. Kwamba maneno ya darajani aliyatunga, na ya sinema nyingine kadha wa kadha, na kwamba mama wa redio inaelekea aliiona sinema yenyewe, na wao walichokiona ni Kinanda. Hakupamba. Akamaliza, akabaki amesimama.

Midomo ikaanza kwenda yote kwa pamoja. Mmoja ulikuwa wazi tu. Mwingine ulikuwa umekunjwa, haijulikani kwa hasira au kwa uchungu. Kinyozi alisimama amenyoosha mkono, sijui anamwonyesha nani nini. Mwanamke wa benchi la mbele alikuwa amefunika wake kwa kanga. Bi Kiingilio alisema jambo refu huku ametazama mashine. Na Spoku alikuwa ameinua kichwa, anasema, anasema tena, lakini muuza viatu alikuwa amesimama mbele yake, na mgongo wake ulimkinga.

Kinanda angeweza kuwatilia maneno. Yalikuwa tayari kooni, ya matusi na ya pole, na kila mmoja lingemwenea lake. Akakiweka kipaza sauti juu ya kigoda. Akashuka, akasimama pale kwenye mwanga, akangoja mtu aje mbele yake, uso kwa uso, amwambie.