Darubini Iliyotundikwa Ukutani

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nimesimama juu ya kigoda natafuta pa kugongea msumari. Nilikuwa kijana mwenye chumba kimoja cha kupanga Katubuka, na ukuta wangu ulikuwa umejaa. Nakueleza haya kwa sababu nasikia nawe umeanza kupamba sebule kwa vyombo vya kale vya wanasayansi, dira na mizani na vipimajoto vya shaba, na wageni wako wanasimama kuvishangaa. Sikucheki. Maradhi hayo niliyaugua kabla yako.

Shule niliiacha mapema, miguu ikiniwasha. Nimebeba mizigo bandarini Kigoma, nimeanika dagaa Kagunga, kule mpakani na Burundi, nimekwenda na treni hata nisikokuwa na shughuli. Wahenga walisema tembea uone, nami niliwatii kupita kiasi. Lakini popote nilipopita sikuweza kukiacha chombo chenye mshale au kioo. Kwa wauza vyuma chakavu wa Mwandiga niliokota hadubini iliyokosa mguu. Baharia mmoja mstaafu wa Ujiji alinipa kipimahewa, kile kinachofanana na saa, ambacho manahodha hukitazama wajue kama ziwa litachafuka. Na kilichovipita vyote ilikuwa darubini ya meli, ya shaba, ya kuvutwa ikarefuka kama mkono wa mtu mzima. Nilipoipata niliitazamia mara moja, nikaona mlima wa mbali umesogea puani, nikafurahi, nikaitundika. Tangu hapo kazi yake ikawa kung'aa. Niliisugua kwa majivu na ndimu mpaka mpita njia akaiona inawaka dirishani.

Mwenye nyumba wangu alikuwa Bibi Zuhura, mjane wa Kiujiji asiyemeza neno. Siku hiyo alichungulia akaniona na nyundo.

"We mzururaji," alisema, "sufuria unayo moja, na dira unazo tatu. Leo utapika ipi?"

"Ile ndogo, Bibi. Inaiva upesi."

"Haya. Usisahau chumvi."

Ilikuwa miaka ile Warundi walipokuwa wakikimbia kwao kwa maelfu. Walishuka Kagunga kwa miguu, milima ikiwavunja magoti, wakarundikana pale ufukweni. Maboti yaliwachukua kuwaleta Kigoma mjini, na magari yakawapeleka kambini, huko bara. Nyumba nyingi za kwetu zilikuwa na mgeni sakafuni. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini miaka ile mwenyeji naye alikuwa hoi.

Sijashuka kwenye kigoda, nikasikia hodi. Alikuwa Sadoki, fundi baiskeli wa jirani, na nyuma yake mama mmoja ambaye pindo la kitenge chake lilikuwa bado limelowa maji ya ziwa.

"Huyu mama kapotezana na mwanawe Kagunga, kwenye msukumano wa kupanda boti," alisema Sadoki. "Nimemkuta analia barabarani. Nikamwambia kuna kijana ana vyombo vya kuonea mbali."

Yule mama alivua kandambili mlangoni. Aliutazama ukuta wangu, shaba na vioo na mishale, kisha akapiga magoti. "Shikamoo, mzee," akaniamkia, mimi ambaye ndevu zangu zilikuwa bado za kuhesabika. Akaweka mbele yangu fungu la maharage lililofungwa kwenye kitambaa. Hapo ndipo nilipoelewa. Kwao, kama kwetu Waha, mtu haendi kwa mfumu, yaani mpiga ramli, mikono mitupu. Mapambo yangu alikuwa ameyaona kuwa vyombo vya mfumu.

"Mwana wanje anaitwa Kaneza," alisema. "Angalia kwenye icho chuma. Ni mzima? Gari ya kambini inaondoka mchana. Nipande, ao ningoje?"

Mwanangu, sijawahi kuulizwa swali zito kama lile. Akipanda gari na mtoto yuko ufukweni, nani angemwokota? Akingoja na mtoto ameshatangulia kambini, je? Sadoki alinivuta kando.

"Mwambie umemwona," alininong'oneza. "Mzima, yuko na watu wema, atamkuta kambini. Apande gari, moyo utulie. Utapungukiwa nini?"

Neno hilo lilinijia mpaka kwenye ulimi. Lilifanana na huruma. Lakini Bibi Zuhura alikuwa amesimama uani akisikia yote, na sauti yake iliingia kabla yake.

"Funga mdomo, Sadoki! Na wewe, ukimwambia umeona usichokiona, utakuwa umempoteza yule mtoto mara ya pili. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Usiufanyie mchezo. Mrudishie maharage yake, uchukue hilo bomba lako, twende ziwani akatazame kwa jicho lake."

Tulishuka wote mpaka ufukweni. Maboti mawili kutoka Kagunga yalikuwa yanangoja nafasi ya kutia nanga, yamejaa watu kama dagaa kwenye karai. Nilivuta darubini, nikaielekeza, nikampa mama. Alitazama kwa muda mrefu.

"Ni ukungu," alisema. "Ziwa lote ni ukungu."

Siku hiyo jua lilikuwa kali. Nikatazama mimi. Kweli, hapakuonekana kitu. Mvua za masika, unyevu wa ukuta na miezi ya kutundikwa bila kufunguliwa vilikuwa vimeotesha kuvu ndani ya vioo, mweupe kama utando wa buibui. Nje ningeweza kunyolea ndevu kwa ule mng'aro.

"Uzuri wa mkakasi," alisema Bibi Zuhura polepole, "ndani kipande cha mti."

Nilichuchumaa mbele ya yule mama. "Mama, mimi si mfumu. Hiki ni chombo cha nahodha, nacho kimepofuka. Mtoto wako sijui aliko. Ninachojua ni kwamba maboti yale yametoka Kagunga na watu watashukia hapa. Nitauliza pamoja nawe, mtu kwa mtu."

"Na gari?"

"Gari likiondoka utalala kwangu," alisema Bibi Zuhura. "Hata kesho magari yapo."

Nilitarajia alie au anitukane. Badala yake alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Nadhani alikuwa amechoka kungoja ukuta useme. Boti la kwanza lilipoanza kushusha watu, kelele zikawa nyingi, kila mtu akiita jina la mtu wake, na jina la Kaneza likazama humo. Basi mama akaacha kuita. Akasimama kwenye jiwe, akaanza kuimba igihozo, wimbo wa kubembelezea mtoto mgongoni. Kila mama huko kwao huutia maneno yake mwenyewe, na mtoto huyajua kama anavyojua harufu ya mgongo ule. Aliimba kwa sauti ya juu, huku machozi yakimshuka, hora, hora, yaani nyamaza, nyamaza.

Kwenye boti la pili, lile lililokuwa bado majini, kasauti kembamba kakaitikia.

Mzee mmoja alimnyanyua juu ya vichwa vya watu msichana mdogo mwenye hasira. Wavuvi walimpokea, wakampitisha mkono kwa mkono mpaka nchi kavu. Hakukimbilia kukumbatiwa. Alishika kiuno.

"Mama, ulipotelea wapi? Nimekutafuta!"

Ee mwanangu, tulivyocheka! Sadoki alicheka mpaka akakaa kwenye matope, akajifuta macho kwa kofia. Bibi Zuhura alipiga vigelegele na wanawake wasiomjua wakampokea. Mchana mama na mwanawe walipanda gari pamoja, na mimi nilirudi nyumbani mwepesi, kana kwamba mimi ndiye niliyepatikana.

Basi nakuusia. Pamba nyumba yako kwa vyombo vya kale, havina ubaya, na vinafurahisha jicho la mtu mdadisi. Lakini ujue kila kimoja kiliundwa kifanye nini, na ukiweke tayari kukifanya. Ukisugua nje, fungua na ndani. Mgeni akikuuliza hiki ni nini, mweleze kwa ukweli, hata kama ukweli wenyewe ni kwamba hukijui. Na akija mtu mwenye shida akakitazama kitu chako kwa matumaini, usimuuzie tumaini usilokuwa nalo, hata kwa huruma. Mwambie pale unapoishia, kisha utembee naye.

Mungu aibariki sebule yako. Atakayeingia akiwa na hofu atoke ametulia, na watoto wako waijue sauti yako popote watakapokuwa. Amina.