Hapa Hakuna Baridi ya Hivyo

Onyo lenyewe lilikuwa mstari mmoja tu, na mimi ndiye niliyelifunga mdomo. Nalisema mapema ili asije mtu akanionea huruma huko mbele. Ilikuwa saa nane mchana, chumbani kwangu hapa Lodwar, bati linapasuka kwa jua, feni inanipulizia hewa ya moto, na laptopu imenigomea kwa siku ya tatu.

Kazi ilikuwa hivi. Kituo kimoja cha afya kambini Kakuma kilikuwa na friji ya sola ya kuhifadhi chanjo. Msimamizi wake alitaka mtambo wa kuichunga: kipimajoto ndani ya friji, kikompyuta cha ukubwa wa kiganja nje, kioo kidogo cha kuonyesha namba, na king'ora. Chanjo zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi mbili na nane. Programu sikuitunga mimi. Iliandikwa na watu wa mbali nisiowajua, wakaiacha wazi mtandaoni, anayetaka aichukue, aisome, airekebishe. Mimi nilipaswa kuijenga tu, yaani kuyapitisha maandishi yao kwenye kompaila, programu inayoyageuza maandishi ya binadamu kuwa amri za mashine. Taabu ni kwamba mashine hazisikii lugha moja. Laptopu yangu ina prosesa, ndiyo ubongo wa mashine, ya aina yake, na kikompyuta cha friji kina ya aina nyingine kabisa. Maandishi ni yaleyale, lakini lazima yajengwe mara mbili.

Kwa laptopu yalijengeka bila neno. Kwa kikompyuta, wee! Mara faili fulani haipo, mara ipo lakini ni ya prosesa nyingine, mara kompaila yenyewe ni ya zamani. Nilitatua moja likazuka jingine, na mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nilimfokea hata kuku wa jirani. Mwishowe likabaki onyo moja. Mahali ambapo programu inauliza kama joto limeshuka chini ya sifuri, ili ilize king'ora cha baridi, kompaila ilisema kwamba kwenye prosesa hii swali hilo halitapata jibu la ndiyo hata siku moja. Wenye programu nao walikuwa wameweka sheria kwamba onyo lolote lisimamishe kazi.

Nilicheka. Haki ya Mungu, nilicheka peke yangu chumbani. Chini ya sifuri, Turkana? Mimi ni mzaliwa wa Lokori. Barafu ya kwanza kuiona maishani niliiona Kalokol, kwenye masanduku ya wanunuzi wa samaki, na ilikuwa imeshakuwa maji nusu kabla sijaigusa. Kwetu adui ni joto. Muulize mtu yeyote hapa friji huharibikaje, atakwambia huacha kupoza. Nikaongeza neno moja kwenye amri za ujenzi ili onyo lile linyamaze, na kando yake nikaandika maelezo, kama tunavyoandikiana mafundi: Hapa ni Turkana. Hakuna baridi ya hivyo. Programu ikajengeka, nikaenda kunywa chai.

Msidhani sikuijaribu. Nilikiweka kipimajoto juani mlangoni, king'ora kikalia mpaka jirani akatoka kuuliza kuna nini. Nilikiweka kwenye chai. Nilikiweka kwapani. Kwenye barafu sikukiweka, kwa sababu barafu ningeitoa wapi, na ya nini?

Friji ile ilikuwa mikononi mwa mama mmoja mkimbizi kutoka Sudan Kusini, mrefu, mtaratibu, mtu wa kanisa. Kwa miaka mingi alikuwa akisoma kipimajoto cha kawaida kila asubuhi na kila jioni, na kuandika namba kwa mkono kwenye daftari la shule. Siku nilipofunga mtambo, msimamizi alimwambia mbele yangu, "Mama, sasa pumzisha kalamu. Mashine itaandika yenyewe."

Mama akanigeukia. "Fundi, na mashine ikikosea?"

"Mashine haisinzii, mama, na haina haraka ya kwenda nyumbani."

Wote walicheka isipokuwa yeye. Alisema, "Sawa," ile sawa ya mtu ambaye hajakubali. Mimi nikakusanya waya zangu nikarudi Lodwar.

Baada ya miezi miwili akanipigia simu. "Ejok, fundi," alisema. Salamu ya kwetu alikuwa ameizoea kuliko mimi.

"Ejok-noi, mama."

"Hii friji inagandisha dawa. Mimi naona barafu na macho yangu, kwa ukuta wa ndani. Mashine inasema tatu."

Nilimjibu vibaya, sina la kujitetea. Nilimwambia mashine inasoma kila baada ya dakika tano, yeye anachungulia mara mbili kwa siku, sasa kati yao nani anajua zaidi? Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Malesh," ndiyo samahani kwa Kiarabu cha Juba, akakata simu. Mwenye kosa nilikuwa mimi, na aliyeomba radhi akawa yeye. Neno lile linaniuma hadi leo.

Chanjo nyingine zikiganda huharibika, hata zikiyeyuka na kuonekana nzuri kama jana. Mama alilijua hilo. Akatenga sanduku zima, akaandika juu yake ISITUMIKE, akakataa katakata kumpa muuguzi. Wanawake waliokuwa kwenye foleni na watoto wao wakarudi nyumbani mikono mitupu. Msimamizi akafungua rekodi ya mtambo wangu: tatu, tatu, mbili, tatu, hapa na pale moja, na king'ora hakikuwahi kulia. Akamsimamisha mama kazi kwa kosa la kuharibu chanjo na kusema uongo. Barua ya kumfukuza kabisa ingetoka Ijumaa. Aliyenieleza haya ni muuguzi, Jumanne asubuhi. "Wewe ndiye mwenye mashine," aliniambia. "Njoo useme kama mama ni mwongo."

Nilikuwa na kipimajoto na kikompyuta cha akiba. Nikavipeleka kwa muuza nyama mwenye friza karibu na soko, nikamwomba ruhusa nikitumbukize kipimajoto katikati ya nyama. Akaniuliza kama jua limenipanda kichwani. Tukasimama wote wawili karibu nusu saa tukitazama kioo. Namba ikashuka: ishirini, kumi, nne, moja, sifuri. Halafu ikapanda ghafla. Kumi na sita! Ndani ya friza inayogandisha mbuzi mzima, mtambo wangu ulisema kumi na sita na ukatulia hapo.

Nikakichomeka kipimajoto kilekile kwenye laptopu. Ikasoma nyuzi tatu chini ya sifuri. Nikakaa juu ya kreti ya soda.

Maana yake ilikuwa hii. Programu huweka kila namba ndani ya kisanduku kidogo. Kwenye prosesa ya laptopu kisanduku hicho hukubali namba za chini ya sifuri. Kwenye prosesa ya kikompyuta hakizijui kabisa, na tatu chini ya sifuri ikiingia humo hutoka ikiwa mia mbili hamsini na tatu. Programu ikiona namba ya kichaa namna hiyo hudhani kipimajoto kimeteleza, huitupa, na kuweka wastani wa siku mahali pake. Kompaila ilikuwa imenieleza hayo kwa mstari mmoja. Dawa yake nayo ilikuwa neno moja, la kukiambia kisanduku kikubali namba za chini. Niliandika neno hilo palepale kwenye kreti, nikajenga upya, friza ikasomeka vizuri na king'ora kikalia. Sikufurahi hata kidogo.

Alhamisi nilikuwa ofisini kwa msimamizi, mama ameketi pembeni, mkoba mapajani. Nilitamani kusema kosa ni la wenye programu, na ni kweli walikuwa na sehemu yao. Lakini nilifungua laptopu nikamwonyesha maelezo yangu. Aliyasoma kwa sauti: "Hapa ni Turkana. Hakuna baridi ya hivyo." Nilitamani ardhi inimeze. Akainua macho akamtazama mama, kisha akaitoa barua kwenye faili na kuichana.

"Mama, tusamehe. Kesho rudi kazini."

Mimi nikashusha pumzi, nikidhani yamekwisha. Mama hakusimama.

"Kabla mimi kuona barafu," aliuliza, "watoto wangapi walidungwa hiyo dawa?"

Msimamizi alinigeukia mimi. Mtambo wangu ungejibu vipi, na kila baridi iliyopita uliitupa? Mama akafungua mkoba, akatoa daftari, lile ambalo siku ya kumsimamisha hakuna aliyetaka kulisoma. Halikukosa namba hata siku moja. Asubuhi na jioni, kwa ile kalamu tuliyomwambia aipumzishe, kwa kile kipimajoto chake cha zamani. Aliweka kidole kwenye asubuhi ya kwanza iliyoshuka chini ya sifuri. Siku hiyo na iliyofuata mama alikuwa likizo ya ugonjwa, na aliyeshika zamu alimwandikia namba bila kuzifikiria. Hiyo ya pili ilikuwa siku ya kliniki, na mama aliporudi ndipo alipoona barafu. Tukalinganisha na kitabu cha watoto. Walikuwa kumi na tisa.

Nilidhani atakwenda kuwatafuta na muuguzi. Akaniambia, "Twende, fundi. Wewe utasema, mimi nitatafsiri."

Tulizunguka kambi siku mbili, mlango kwa mlango. Kila mlango nilisema maneno yaleyale: chanjo ya mtoto wako iliharibika, kosa ni langu, naomba umlete tena. Wengine walinitukana kwa lugha nisizozijua, na matusi hayo mama hakuyatafsiri.

Jumatatu walikuja. Mwanamke mmoja, mdogo kuliko mimi, alisimama mbele yangu na binti yake begani. Aliongea polepole, mama akanigeuzia.

"Anasema mtoto alilia sana ile siku. Homa ikamshika usiku mzima. Anauliza, alilia bure?"

Nikamgeukia mwanamke mwenyewe.

"Ndiyo," nikasema. "Alilia bure."

Mwanamke alisikiliza tafsiri, akatikisa kichwa, akanipakatisha mtoto. Muuguzi akaniambia niushike mguu usicheze. Ulikuwa na joto, ulijaa kiganjani. Mtoto alikuwa ananichekea, anavuta kola ya shati langu, na sindano ilipoingia alinitazama mimi kwanza, kisha akalia.