Kiti cha Heshima cha Mama Wilson

Kwa miaka kumi na minne Cresensia ameshughulikia vibali vya watalii wanaopanda Ngorongoro, katika ofisi ndogo ya safari pale Karatu mjini, na minne ya mwisho ameifanya kazi hiyo akiwa amekalia kiti cha gari. Usicheke. Gari la kwanza la ofisi lilipochoka, bosi wake, mzee Abdulwahabu, aliking'oa kiti cha dereva, akampa fundi akichomelee miguu ya chuma, kisha akamkabidhi Cresensia mbele ya madereva wote.

"Mama Wilson," alimwambia, "gari hili limetulisha sote. Kiti chake ni chako."

Cresensia alilia. Karatu nzima nani mwingine alikuwa na kiti kama kile?

Tatizo ni kwamba kilitengenezwa kwa mtu wa kuegemea nyuma ashike usukani. Kilikuwa kifupi, tena kimebonyea katikati. Ili aifikie kompyuta, ilimbidi ajikunje, shingo mbele, magoti juu, tangu asubuhi hadi saa kumi na moja. Hata chai aliletewa palepale.

Mwaka wa pili shingo ikaanza kukaza. Wa tatu, kiuno. Akalaumu godoro, akabadilisha godoro. Akalaumu bodaboda ya kutoka kwao Rhotia. Akajichua kwa dawa ya harufu kali mpaka wageni wakawa wanafungua madirisha wenyewe. Jamani, kila kitu kililaumiwa isipokuwa kile alichokikalia!

Mwaka huu mguu wa kushoto ukaanza kufa ganzi. Hospitali alimkuta Asmaa, binti wa mazoezi ya viungo, ambaye alimwambia akae kama anavyokaa kazini. Cresensia akajikunja.

"Hivyo kwa saa ngapi, mama?"

"Nane. Tisa."

Asmaa hakumumunya maneno. Mgongo ukiinama hivyo miaka na miaka, unabana mishipa ya fahamu. Atafute kiti kigumu, nyayo zikanyage sakafu, kompyuta iwe usawa wa macho, na ainuke kila nusu saa.

"Ukianza sasa utapona taratibu. Usipoanza, mguu huo sikuhakikishii."

"Nimeelewa, mwanangu," akasema Cresensia, akarudi ofisini akakaa palepale. Angeanzaje? Kumrudishia mtu zawadi aliyokupa mbele za watu ni kumtukana.

Sikukuu ya Mavuno nayo ilikuwa imewadia. Kanisani kwao, kila nyumba hupeleka debe la mahindi altareni, kichwani mwa mwanamke wa nyumba hiyo. Mama yake, Penina, alilibeba mpaka alipotimiza miaka sabini, ndipo akamwachia yeye. Majirani hawakuacha kumtania: "Mtu wa ofisi huyo, debe ataliweza wapi?" Na kila mwaka aliliweza. Hakuna siku aliyoipenda kama hiyo.

Safari hii alifika katikati ya kanisa tu. Mguu wa kushoto haukuwepo, hakuuhisi kabisa. Akasimama, kwaya ikiendelea kuimba, akijua kwamba hatua moja zaidi mahindi yatamwagika. Aibu ilimchoma mpaka machozi yakamtoka.

Penina akainuka kwenye benchi. Ana miaka sabini na sita, sitini kati ya hiyo ameshika jembe, na mgongo wake umenyooka. Akalitwaa debe, akajitwika kichwani, akampa bintiye bega la kushikilia.

"Niliuza ng'ombe wawili usome," alimnong'oneza wakitembea, "ili jembe lisikuvunje mgongo. Sasa ni nini kimekuvunja?"

"Kiti, mama."

Penina akamkaza mkono begani pake, wakaenda hivyo mpaka altareni.

Jumatatu Cresensia alimkuta mzee Abdulwahabu barazani, akamweleza yote akiwa amesimama: kiti, mguu, debe. Alimaliza akasubiri kufokewa. Mzee akavua kofia, akajikuna kichwa.

"Kiti kile?" akasema. "Mbona hata mimi, nilipokuwa naliendesha gari lile mwenyewe, kiuno kiliniisha? Kumbe ndicho kilichonifanya niajiri dereva!"

"Na ukanipa mimi!"

"Astaghfirullah, Mama Wilson. Mimi miaka yote nililaumu barabara."